Kemo ilianza vizuri, sasa haishiki tena: jinsi seli za saratani zinavyokarabati DNA na kuishinda dawa

Kisiki Hai

Wakuu salaam.

Kwenye uzi wa Binti Pangani kuhusu mama yake watu wamejibu kwa nia njema, lakini karibu wote mmezunguka mambo matatu: dawa ni feki, mwili umeizoea dawa, au kuna mkono wa mtu. Nikaona nifungue uzi wake kuliko kubanana kule. Mimi si daktari wa saratani. Nimesomea baiolojia ya molekuli na kazi yangu ni ya maabara, kwa hiyo maswali ya dozi za mgonjwa fulani yapelekwe kwa daktari anayemtibu.

Kwa wasioufuata uzi ule: mama ana saratani ya ovari. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa kemo ya kaboplatini na paklitakseli, kipimo cha damu cha kufuatilia ugonjwa, CA-125, kikashuka vizuri sana, familia ikamshukuru Mungu. Baadaye tumbo likaanza kujaa maji tena. Wakarudia kaboplatini na safari hii haikugusa kitu.

Nianze na hilo la mwili kuzoea. Mwili wa mama haujazoea chochote. Binti mwenyewe ameandika kwamba damu inashuka vile vile na kichefuchefu ni kile kile. Yaani seli zake zenye afya bado zinaumizwa na dawa kama mwanzo. Zilizobadilika ni seli za saratani zenyewe, na zimebadilika kwa njia inayoeleweka.

Kaboplatini na dada yake mkubwa sisplatini zimetengenezwa kwa madini ya platinamu. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alikuwa anapitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria aina ya E. coli ili aone umeme unaathiri vipi kugawanyika kwa seli. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu. Ilikuja kubainika kwamba umeme hauhusiki: elektrodi zake zilikuwa za platinamu, na platinamu ilikuwa inayeyukia kwenye yale maji. Mwaka 1978 sisplatini ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya korodani na ya ovari.

Platinamu ikishaingia ndani ya seli inakwenda kushika DNA, yale maandishi ya urithi ya seli, ambayo ni nyuzi mbili zilizoandikwa kwa herufi za kikemikali ziitwazo besi. Inaipenda besi inayoitwa guanini, hasa pale guanini 2 zilipokaa jirani kwenye uzi mmoja. Inazifunga pamoja, DNA inapinda pale, na mashine zinazoisoma na kuinakili zikifika hapo zinakwama.

Sasa sikilizeni hapa. Kazi ya dawa inaishia kwenye kuharibu DNA. Kuua ni uamuzi wa seli yenyewe. Ina protini za ulinzi zinazopima ukubwa wa uharibifu, inayojulikana zaidi ikiwa p53, na zikiona umezidi uwezo wa kutengenezwa seli inajiua kwa utaratibu. Ukishaelewa hivyo, utaona mlango wa kutokea uko wapi: seli inayoweza kutengeneza uharibifu haraka haifiki kwenye uamuzi wa kufa.

Naendelea na post inayofuata, msiweke nanga kwanza.

Mzee wa Makambako

Nimeshaweka tayari. Endelea kijana.

Kisiki Hai

Shikamoo mzee. Naendelea.

Kila siku ya Mungu, bila kemo na bila sigara, DNA ya kila seli yako inapata majeraha maelfu kwa maelfu. Joto la mwili, maji, oksijeni, vyote vinaichokonoa. Bado upo kwa sababu kuna mafundi humo ndani, yaani protini za kukarabati DNA. Nobeli ya kemia ya mwaka 2015 walipewa watu watatu walioonyesha mafundi hawa wanavyofanya kazi: Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar.

Fundi anayehusika na platinamu ndiye aliyechunguzwa na Sancar. Kwanza kuna protini za doria zinazohisi kwamba DNA imepinda, au zinazoona mashine ya kusoma jeni imekwama. Zinaita kundi linalofungua nyuzi mbili za DNA mahali pale. Protini XPA inahakikisha kwamba kweli kuna jeraha, na lipo kwenye uzi upi. Halafu wanakuja wakataji wawili. XPG anakata upande mmoja wa jeraha, na mwenzake, ambaye ni protini mbili zilizoshikana, XPF na ERCC1, anakata upande wa pili. Kipande cha urefu wa besi kama 24 hadi 32 kinatolewa na platinamu yake. Uzi wa pili ambao ni mzima unatumika kuandika upya kilichotolewa, na mwisho panaungwa. Ukiangalia baadaye hutajua kama dawa ilipita.

Saratani ya korodani ndiyo inayoonyesha uzito wa hili. Hata ikiwa imesambaa mwilini, kwa kemo yenye sisplatini wagonjwa karibu 8 kati ya 10 wanapona kabisa. Kupona, siyo kuongezewa miezi. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli yule, Oktoba 1996 alikutwa nayo ikiwa imefika kwenye mapafu na ubongo, na yupo hadi leo. Watafiti walipozichunguza seli za saratani hiyo walikuta zina XPA kidogo na XPF-ERCC1 kidogo. Mafundi hawatoshi. Dawa ile ile ukiipeleka kwenye saratani nyingine iliyojaa mafundi, unapata matokeo mengine kabisa.

Nesi wa Usiku

Mkuu hapo kwenye platinamu niongeze kitu cha wodini. Sisplatini tunaichanganya kwenye maji ya chumvi, hatuichanganyi kwenye dekstrosi (maji ya sukari) tupu. Na mgonjwa tunamjaza maji kabla na baada kwa sababu inachoma figo. Wagonjwa wanatununia, "nesi dripu zote hizi za nini?" Je hiyo chumvi inahusiana na unachoeleza?

Kisiki Hai

Inahusiana moja kwa moja, dada. Molekuli ya sisplatini ina klorini 2. Kwenye damu kloridi, yaani klorini iliyomo kwenye chumvi, ni nyingi, kwa hiyo klorini zile zinabaki mahali pake na dawa inasafiri ikiwa imetulia. Ndani ya seli kloridi ni kidogo, klorini zinabanduka, nafasi yake inachukuliwa na maji, na hapo ndipo platinamu inakuwa kali na kushika DNA. Ukiichanganya kwenye dripu isiyo na kloridi inaanza kubadilika humo humo kwenye chupa.

Mchambuzi Huru

Maelezo mazuri lakini mnawakinga watu. Hizi dawa za hospitali zetu nyingi ni feki, wote tunajua. Mgonjwa anakufa mnasema seli imekarabati.

Kisiki Hai

Mkuu, hofu yako si ya kupuuzwa. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliopima dawa za saratani zilizokusanywa Ethiopia, Kenya, Malawi na Kameruni, sisplatini ikiwemo, na sehemu isiyo ndogo haikuwa na kiwango cha dawa kilichoandikwa kwenye boksi. Ni jambo la hatari na linatakiwa kupigiwa kelele.

Lakini angalia kisa cha mama. Mara ya kwanza uvimbe ulisinyaa, CA-125 ikaanguka. Mara ya pili dawa ilishusha chembe za damu kama kawaida, maana yake dawa ilikuwemo, ila uvimbe haukuyumba. Dawa hewa isingemshusha damu. Na usugu huu wanaupata wagonjwa wa London na Houston wanaopewa dawa zenye kiwango kamili. Saratani ya ovari iliyokwishasambaa, wengi inawarudia hata huko.

Mwanafunzi Mwaka wa Pili

Kaka naomba ufafanuzi. Hizo seli zinajifunzaje kukarabati? Dawa inazifundisha?

Kisiki Hai

Swali zuri, na watu wengi wanakwama hapa. Kwa sehemu kubwa hakuna kujifunza. Uvimbe wa sentimita 1 tu una seli mamia ya mamilioni, hata bilioni, na hazifanani. Kila seli ikigawanyika inakosea kosea kunakili. Kwa hiyo kabla dripu ya kwanza haijafunguliwa, humo ndani kuna chache zenye ERCC1 nyingi kuliko wenzake, nyingine zina pampu zinazotema dawa nje, nyingine p53 yake imekufa kwa hiyo king'ora hakilii. Dawa inaua zile laini, mnaona uvimbe unasinyaa, mnafurahi. Zilizobaki ndizo zinazozaa uvimbe wa pili.

Kuna pia seli zinazobadilika wakati matibabu yanaendelea. Na hapa kuna kisa nataka nikieleze taratibu kwa sababu mimi binafsi hakuna kitu kwenye fani hii kimenishangaza kama hiki.

Jeni za BRCA1 na BRCA2 mmezisikia. Kazi yake ni ukarabati wa namna nyingine: pale DNA inapokatika nyuzi zote mbili. Fundi huyu anatafuta nakala pacha ya DNA na kuitumia kama kielelezo, anaandika upya bila kukosea. Mwanamke aliyerithi BRCA mbovu ana hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari, kwa sababu seli ikipoteza na ile nakala nzima iliyobaki, inabaki bila fundi. Lakini kukosa fundi huyo kuna sura ya pili: seli hizo haziwezi kujinasua kwenye platinamu. Ndiyo maana saratani za ovari zenye BRCA mbovu mara nyingi zinasikia kemo vizuri mwanzoni.

Halafu zinarudi zikiwa sugu. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yalichapisha kwenye jarida la Nature yaliyoyakuta yalipochungulia seli hizo sugu. Jeni la BRCA2 lililokuwa limeharibika lilikuwa linasomeka tena.

Inawezekanaje? DNA inasomwa herufi tatu tatu. Chukua sentensi hii ya maneno ya herufi tatu:

MTU WAO ALE YAI PIA

Futa W moja tu, halafu endelea kusoma tatu tatu:

MTU AOA LEY AIP IA

Kuanzia pale ni takataka hadi mwisho. Ndivyo makosa mengi ya BRCA yalivyo, herufi moja au mbili zimepotea na protini nzima baada ya hapo haina maana. Sasa seli hii inapigwa na platinamu, haina fundi mzuri, inaunga DNA hovyo hovyo, inazidisha makosa mengine. Kati ya mamilioni ya seli zinazokosea, moja inapata kosa hili: herufi moja ya ziada inaingia mbele kidogo.

MTU AOA LEK YAI PIA

Katikati pameharibika, lakini YAI PIA imerudi. Kosa la pili limeyarudisha maneno ya mbele kwenye mstari. Protini inatoka na kovu katikati, ila inafanya kazi. Seli hiyo imepata fundi wake, na dawa inayoendelea kuingia inawaua jirani zake wote na kuiachia uwanja.

Hakuna aliyeipangia seli ifanye hivyo. Ni bahati nasibu, ila saratani inakata tiketi nyingi mno.

Mwanafunzi Mwaka wa Pili

Aisee. Hii mbona hatujafundishwa. Nimescreenshot.

Mama Kulwa

Mimi naomba niulize kitu kidogo maana nyie wasomi mnatupeleka mbali. Juisi ya stafeli na mlonge vinasaidia au havisaidii? Maana kuna mtu amemuuzia dada yangu unga wa mlonge kwa bei ya kumuumiza, anaambiwa aache kemo kwanza ili "asichanganye".

Kisiki Hai

Mama Kulwa, huyo aliyemwambia aache kemo ndiye wa kumkimbia. Ukikatisha mizunguko njiani unaziacha hai zile zilizokuwa zimebakiza kidogo zife. Stafeli hakuna jaribio la wagonjwa lililoonyesha inatibu saratani. Kula tunda kama tunda. Unga na vidonge vya lishe vyovyote amwambie daktari wake kabla hajameza, kwa sababu baadhi vinaingiliana na dawa kwenye ini.

Na tusifanye kama mimea imedharauliwa hospitali. Paklitakseli anayopewa mama wa Binti Pangani ilitolewa kwenye gamba la mti wa huko magharibi ya Marekani. Vinkristini, inayotibu watoto wenye uvimbe wa taya wa Burkitt, imetoka kwenye lile ua la zambarau la Madagaska ambalo wengi mnalo nje ya nyumba kama pambo. Mimea ilipelekwa maabara, ikapimwa, kiini chake kikatolewa, dozi ikajulikana.

Na inaingia kwenye mada yetu. Dawa hizi mbili hazigusi DNA. Zinashambulia nyuzi zinazovuta kromosomu (vifurushi vya DNA) seli inapogawanyika. Seli iliyojaa ERCC1 haipati faida yoyote hapo, fundi wa DNA hana cha kutengeneza. Hiyo ni sababu mojawapo daktari anachanganya dawa za aina tofauti, na kaboplatini ikishindwa anahamia dawa ya njia nyingine.

Nesi wa Usiku

Kwenye ovari madaktari wanahesabu miezi tangu dozi ya mwisho ya platinamu. Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi 6 wanauita sugu kwa platinamu. Ukizidi miezi 6 wanaweza kurudia platinamu ile ile. Ndugu wa mgonjwa wengi hawakumbuki tarehe, na kadi zinapotea. Jamani tunzeni kadi.

Kisiki Hai

Asante dada. Ile 6 si mstari wa kimaumbile, ni makubaliano ya kurahisisha kazi, lakini inawaambia kitu kikubwa: kama saratani imekaa kimya mwaka mzima, seli nyingi zilizobaki huenda bado ni laini. Kama imerudi upesi, waliobaki ni wababe.

Shemeji wa Bunju

Mimi nina la kwangu. Shemeji yangu alipelekwa India na uvimbe wa ubongo, glioblastoma. Ripoti imekuja imeandikwa kwamba MGMT "haijamethiliwa" na daktari akasema vidonge vya temozolomidi huenda visimsaidie sana. Hatukuelewa kitu, tuliitikia tu.

Kisiki Hai

Pole sana mkuu. MGMT ni fundi wa aina yake. Temozolomidi inabandika kipande kidogo cha kemikali kinachoitwa methili kwenye guanini. MGMT anakuja, anakibandua na kukibandika mwilini mwake mwenyewe, na akishafanya hivyo amekwisha, hatumiki tena. Protini moja, jeraha moja. Kwa hiyo ni suala la hesabu: seli yenye MGMT nyingi inafuta kazi ya kidonge, yenye chache inazidiwa.

Neno "methiliwa" kwenye ripoti linachanganya kwa sababu methili hizo ni nyingine, zimebandikwa kwenye swichi ya jeni la MGMT. Swichi ikiwa na methili, jeni limezimwa, fundi hayupo, kidonge kinafanya kazi. Haina methili, fundi yupo. Mwaka 2005 utafiti mkubwa wa Ulaya na Kanada ulionyesha kwamba wenye swichi iliyozimwa waliopewa mionzi pamoja na temozolomidi nusu yao waliishi zaidi ya miezi 21.7, dhidi ya 15.3 kwa waliopewa mionzi peke yake. Wenye swichi iliyowashwa tofauti ilikuwa ndogo, 12.7 dhidi ya 11.8. Ni ugonjwa mgumu kwa vyovyote, sitaki kukupaka mafuta.

Kuna kitu cha ajabu kwenye dawa hii. Lile jeraha lisipobanduliwa, seli ikinakili DNA inaweka herufi isiyolingana mbele yake. Anakuja fundi mwingine kabisa, wa kurekebisha makosa ya kunakili, yule aliyechunguzwa na Modrich. Anakata uzi mpya, anaandika upya, lakini jeraha bado lipo kwenye uzi wa zamani, herufi mbovu inarudi, anakata tena. Kukata huko kusikoisha kunaishia kuvunja DNA na seli inakufa. Kwa hiyo hapa fundi ndiye anayemaliza kazi ya dawa. Na uvimbe fulani unakuwa sugu kwa kumpoteza fundi huyu, mfano jeni lake moja, MSH6, likiharibika. Seli inaishi na makosa yake yote.

Kwa hiyo msiondoke na kanuni ya "ukarabati ukizidi usugu unazidi". Inategemea dawa gani na fundi yupi.

Mchambuzi Huru

Sawa nimekuelewa, hapo kwenye feki nimelegeza kidogo. Lakini kama shida ni mafundi, si wapewe wagonjwa dawa ya kuwazuia mafundi? Mbona jibu liko wazi.

Kisiki Hai

Walijaribu mkuu, na jaribio la kwanza lilifunza watu adabu. Kuna kemikali inaitwa benzilguanini inayommaliza MGMT. Wakaichanganya na temozolomidi. Tatizo ni kwamba uboho unaotengeneza damu nao unamtegemea MGMT. Wagonjwa damu zao zikaanguka, ikabidi dozi ya temozolomidi ipunguzwe sana, na kwa glioblastoma iliyokwisha kuwa sugu faida haikuonekana. Ukimzuia fundi wa saratani umemzuia na fundi wa mgonjwa.

Ufunguo ulipatikana mwaka 2005 kwa kugeuza swali: tumzuie fundi ambaye seli yenye afya inaweza kuishi bila yeye, lakini seli ya saratani haiwezi. Seli zilizokosa BRCA zinamtegemea mno fundi mwingine anayeitwa PARP. Ukimzuia PARP, mikwaruzo midogo inageuka kuwa mikatiko mikubwa seli inaponakili DNA. Seli yenye afya inamwita BRCA inatengeneza. Ya saratani haina wa kumwita. Makundi mawili huko Uingereza na Sweden yalionyesha hili kwenye seli mwaka huo, na Desemba 2014 kidonge cha olaparibu, kinachomzuia PARP, kikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya ovari yenye BRCA mbovu. Jaribio lililotoka 2018 lilikuwa la wanawake wenye BRCA mbovu waliokwisha kumaliza platinamu ya mwanzo na ikawakubali. Baada ya miaka 3, asilimia 60 ya waliopewa olaparibu walikuwa hai bila ugonjwa kusonga, dhidi ya 27 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa fani hii hizo ni namba kubwa.

Bei yake huku kwetu tuiache, tutaharibu uzi. Na ndiyo, MTU AOA LEK YAI PIA inaishinda hata olaparibu. Fundi BRCA akirudi, kidonge nacho kinaishiwa nguvu.

Mzee wa Makambako

Kijana, kuna kipimo cha kujua mapema kama mgonjwa ana hao mafundi wengi, asipigwe kemo bure?

Kisiki Hai

Mzee, hapo ndipo watu walipofurahi mapema. Mwaka 2006 watafiti walipima ERCC1 kwenye saratani ya mapafu, wakaona wasio nayo ndio waliofaidika na sisplatini baada ya upasuaji. Ilionekana kesho yake kila hospitali itapima. Mwaka 2013 wenyewe wakarudi na kusema hawawezi kurudia matokeo. ERCC1 inatengenezwa kwa sura nne, moja tu ndiyo fundi wa kweli, na kingamwili 16 walizozijaribu (protini za maabara za kuitambua ERCC1) hakuna iliyoweza kuzitofautisha. Walikuwa wanahesabu watu kwa kofia. Hadi leo ERCC1 haitumiki kuamua matibabu ya kawaida. MGMT na BRCA ndivyo vilivyosimama.

Dereva wa Serengeti

Nimesikia tembo hapati kansa. Ana mafundi wa ajabu?

Kisiki Hai

Hahaa, umekuja kiutalii. Anapata ila kwa nadra ukilinganisha na ukubwa wake. Na siri yake haiko kwa mafundi. Tembo wa Afrika anapata kutoka kwa kila mzazi nakala kama 20 za jeni la TP53, lile la p53, sisi tunapata moja tu. Mwaka 2015 watafiti waliziharibu seli za tembo kwa mionzi wakaona zinawahi kujiua kuliko za binadamu. Tembo hapotezi muda kutengeneza seli yenye shaka. Saratani ya ovari ya aina inayowapata wengi ni kinyume chake kabisa: karibu zote p53 imeharibika.

Binti Pangani

Kaka Kisiki, asante sana, na wote mliochangia. Nilikuwa kimya nasoma. Leo tumeonana na daktari. Ugonjwa ulirudi kabla ya miezi sita kwa hiyo kaboplatini wameisimamisha, ataanza dawa nyingine. Pia amesema mama apimwe BRCA. Nikashtuka, nikamuuliza kama maana yake na sisi watoto tunaumwa. Foleni ilikuwa ndefu, hakunieleza vizuri. Tuko wanne, wasichana watatu na kaka yetu. Tukapime?

Kisiki Hai

Dada, pole na safari ya hospitali. Kuwa na jeni hilo si kuumwa. Kuna mambo mawili yanachanganywa. BRCA inaweza kuharibika ndani ya uvimbe tu, hiyo hairithiwi na haiwahusu nyinyi. Au inaweza kuwa mbovu kwenye damu ya mama, yaani alizaliwa nayo, na hapo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kila mmoja kivyake. Muulizeni daktari kipimo anachotaka ni cha damu au cha kinyama cha uvimbe, au vyote viwili.

Msikimbilie kupima nyinyi kwanza. Makosa ya BRCA yako maelfu, na jibu la mama ndilo litakaloiambia maabara itafute herufi ipi kwenu. Likitoka safi kwenye damu, mmeokoa pesa. Likitoka na kosa, ombeni mtu wa kuwashauri kabla ya kupima, maana kuna maamuzi ya uchunguzi wa matiti na hata ya upasuaji wa ovari mbele yake, na umri wa kila mmoja wenu unabadilisha ushauri. Na kaka yenu msimwache nje kwa sababu ni mwanaume. BRCA2 mbovu inampandishia hatari ya saratani ya tezi dume na hata ya matiti, na anaweza kuwarithisha mabinti zake.